Kila Mtu na Cheti Chake

Siku maji yalipokatika Lumbege, kila mtu alimdhania mwenzake. Watu wa zahanati walisema wakulima wa juu wameyageuzia kwenye kabichi zao. Wakulima wa juu walisema bomba limepasuka huko chini. Mama Veronika, mlinzi wa chanzo, ndiye peke yake aliyeona kilichotokea. Alikuwa akipalilia njegere zake nyuma ya kibanda cha mitambo aliposikia mota ya valvu ikinguruma. Aliingia mbio na jembe mkononi. Hapakuwa na mtu. Valvu kubwa ilikuwa ikijifunga yenyewe, taratibu, mpaka ikafika mwisho na kunyamaza.

Akapiga simu mjini.

"Shamsia mwanangu, umefunga maji?"

"Sijagusa kitu, mama. Ndiyo kwanza nafika ofisini."

"Basi kuna mtu kayafunga. Na humu ndani nipo mimi na mjusi tu."

Shamsia alikuwa fundi wa mifumo wa jumuiya ya watumia maji ya Lumbege. Alizaliwa Ujiji, akaja Morogoro kusoma, na masomo yalipokwisha akabaki. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Kilakala, na kutoka dirishani mlima ulionekana wote siku ambayo mawingu yalikubali. Huko juu, ndani ya kibanda cha Mama Veronika, kulikuwa na seva ndogo iliyopima maji na kuendesha valvu. Mtu hakuhitaji kupanda. Alifungua ukurasa wa usimamizi kwenye kompyuta au simu yake, akaandika nenosiri, akabonyeza, na mlimani valvu ikatii.

Asubuhi ile aliifungua valvu, kisha akasoma kumbukumbu za seva. Kuna mtu aliingia asubuhi hiyohiyo akitokea nchi ya mbali ambayo hakuna mwanajumuiya aliyewahi kuikanyaga. Aliliotea nenosiri, na halikumchukua muda, maana lilikuwa jina la kijiji na mwaka. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, kama mgeni anayechezea swichi kwenye nyumba ya watu, akaondoka zake. Huenda hata hakujua kwamba amefunga maji ya binadamu.

Maji huchukua saa nyingi kushuka mlima mzima. Mchana muuguzi wa zahanati akapiga simu.

"Tumezalisha leo," alisema. "Mama mzima, mtoto mzima. Ila tumenawa maji ya kijito, Shamsia, yaliyobebwa na ndoo. Sitaki kurudia."

"Hutarudia, dada," Shamsia alijibu, na alipokata simu alijua kwamba ameahidi kitu kikubwa kuliko alichonacho mkononi.

Alibadilisha nenosiri siku hiyohiyo. Lakini nenosiri jipya nalo lingesambaa. Lile la zamani lilijulikana na kamati nzima, na mafundi wa mabomba, na binti mmoja aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi na kuondoka. Zaidi ya yote lilijulikana na Thobias.

Thobias ndiye aliyeijenga seva ile. Alibeba betri za sola mgongoni kupandisha mlima, akachimba mtaro wa waya, akamfundisha Shamsia kila alichokijua, kisha akapata kazi Dodoma na kuhama. Lakini hakuacha kuingia kwenye seva. Mara kwa mara Shamsia aliona nyayo zake mle ndani, ameingia dakika mbili na kutoka. Hakuuliza. Ni kama baba aliyehamia mbali. Akipita kuchungulia mifugo, nani atamfukuza?

Jioni alimpigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesikia. Umeshabadili nenosiri, maana nimejaribu kuingia nimekwama."

"Nimebadili. Lakini haitoshi. Ukurasa wenyewe uko wazi kwa dunia nzima. Nataka kuuondoa kabisa barabarani."

Alimweleza alichokusudia. Ukurasa wa usimamizi usingesikiliza tena mtu wa nje. Ungesikiliza mashine yenyewe tu. Mbele yake angeweka proksi, programu ya kupokea wageni, ili kila anayetaka kuingia aishie kwake kwanza. Na proksi ile isingeuliza nenosiri kabla haijaona cheti. Kila mtu angepewa cheti chake cha kidijitali ndani ya simu yake, chenye jina lake na siku ya kuisha. Asiye nacho asingeonyeshwa hata sehemu ya kuandika nenosiri.

Thobias hakushawishika. "Miaka yote hiyo hakuna aliyeingia."

"Hakuna tuliyemwona, Mwalimu."

"Na mimi nitapewa cheti?"

Hilo swali Shamsia alikuwa akiliogopa tangu mchana. "Ninatoa kwa watu walio kazini," alisema.

"Nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu unanifungia mlango."

Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi Shamsia. Alikaa na simu imezima mkononi mpaka adhana ya magharibi ikamwinua.

Kamati nayo haikuwa rahisi. Mwenyekiti, Mzee Godfrey, mwalimu mstaafu, alipenda kutoa simu yake misibani na harusini kuwaonyesha watu kiwango cha maji kwenye tangi. Alisikiliza maelezo yote huku amekunja mikono.

"Na simu yangu ikiibwa, hicho cheti kinaibwa?"

"Unanipigia, Mwenyekiti, nakifuta. Chako peke yake. Wengine wanaendelea na kazi."

"Nakupigia kwa simu gani wakati imeibwa?"

Watu wakacheka, na Shamsia akacheka nao. Kisha akasema, "Utaazima hata ya mwizi, mzee. Ila mimi mwenyewe nilisikia sauti ya muuguzi siku ile. Mniruhusu au mniandikie kwamba mmekataa." Hakuna aliyetaka kuandika. Wakamruhusu.

Kazi ilimsumbua kuliko alivyodhani. Alijaribu kwanza kwenye kompyuta chakavu pale ofisini, akakosea, akafuta, akaanza upya. Kulikuwa na vyeti vya aina mbili, navyo vilimchanganya mwanzoni. Kimoja kilikuwa cha seva yenyewe, kilichotolewa na mamlaka inayotambulika mtandaoni, ili simu ya Mzee Godfrey iwe na hakika kwamba inaongea na Lumbege na si na tapeli. Vile vingine vilikuwa vya watu, navyo alivitoa yeye mwenyewe, akivisaini kwa ufunguo mkuu alioutengeneza kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao wowote. Ufunguo ule aliuweka kwenye flashi, na flashi akaifungia kwenye kabati la chuma. Fundi mmoja alimtania kwamba anatunza mahari. "Bora mahari," Shamsia alimjibu, "hiyo ikipotea unaweza kudai tena."

Siku ya kuhamisha mambo kwenye seva ya kweli alipanda mwenyewe, maana alijua kwamba ukibadilisha kufuli ukiwa nje, unaweza kulala nje. Bodaboda ilimfikisha mwisho wa barabara. Kuanzia hapo alitembea kwa miguu kupita migomba na ngazi za mashamba ya kabichi, akiitikia salamu za watu wasiomjua. Mama Veronika alimpokea kwa magimbi ya kuchemsha. Walikaa kizingitini, Shamsia akamwekea cheti kwenye simu yake.

"Hiki sasa ni mimi?" Mama Veronika aliuliza, akiligusa jina lake kwenye kioo.

"Ni wewe. Usimpe mtu."

"Hata Padri?"

"Hata Padri."

Mama Veronika alifurahi sana kwa jambo hilo.

Kabla ya kushuka, Shamsia aliliangalia gurudumu la chuma la kufungia valvu kwa mkono. Lilikuwa limeshika kutu. Halikuguswa tangu mota ilipofungwa. Wakalipaka grisi wote wawili, wakalikongoa kwa kipande cha bomba mpaka likazunguka. "Siku mlango ukigoma," Shamsia alisema, "mkono usigome."

Kiangazi kikapita salama, na umeme haukukatika hata mara moja. Kwenye kumbukumbu za proksi Shamsia aliona wageni kutoka kila pembe ya dunia wakibisha, na wote wakirudishwa. Thobias hakupiga simu. Shamsia alimtumia salamu za Krismasi. Akajibu kwa neno moja.

Masika yakaingia kwa vishindo. Asubuhi moja radi ilipiga mlimani mfululizo. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Mama Veronika: umeme umekatika, na betri, ambazo zilikuwa zimezeeka, hazikuhimili, mitambo yote imezima. Baadaye kidogo akaandika kwamba umeme umerudi. Kisha akapiga.

"Mto umebadilika rangi, mwanangu. Unakuja mwekundu kama ugoro. Funga maji upesi, tope litaingia kwenye matangi."

Shamsia akafungua ukurasa. Proksi ikamjibu kwamba cheti chake si halali.

Akadhani amekosea. Akajaribu kwa simu. Si halali. Akampigia Mzee Godfrey, akamwambia ajaribu. Naye akakataliwa, na alikasirika kama mtu aliyezuiwa kuingia kwenye sherehe ya mwanawe. Dakika chache baadaye alikuwa ofisini, koti linachuruzika maji.

"Si nilisema?" alifoka. "Umetufungia nje sote! Rudisha ile njia ya zamani."

"Siwezi kuirudisha kutoka hapa, mzee. Na hata ningeweza, nisingeirudisha."

"Tope linaingia!"

"Haliingii." Alikuwa tayari ameshika simu. "Mama, gurudumu. Zungusha kwa mkono, kama siku ile."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Akasikia mvua juu ya bati, na chini yake mwanamke akihema, na chuma kikilalamika. Mzee Godfrey alikuwa amesogea karibu, sikio lake likiwa jirani na simu, hasira yote imemtoka. Walisubiri hivyo, wawili, bila kutazamana.

"Imefunga," Mama Veronika alisema hatimaye. "Mikono yangu imekwisha, lakini imefunga."

Mzee Godfrey akakaa kwenye kiti. Shamsia akavaa mabuti.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Juu. Vyeti vyetu vyote ni vizima, nimevitazama sasa hivi, havijaisha, havijafutwa. Kama seva inavikataa, basi tatizo liko kwake. Kwenye matangi kuna maji ya kutosha leo. Kesho sijui."

Mzee alimtazama, kisha akavua koti lake la mvua na kumpa.

Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Bodaboda ilimwangusha yeye na dereva mara moja kwenye kona, wakainuka na tope mpaka kwenye nywele, wakaendelea. Njia ya miguu ilikuwa imegeuka kijito. Shamsia alipanda akishika migomba, akiwaza hatua kwa hatua kila alichokifanya kwenye ile proksi, akijihoji kama hakimu. Nimekosea wapi? Hofu ilimjia kwamba pengine Thobias alikuwa sahihi, kwamba amewafungia watu maji yao kwa ajili ya kiburi cha kusoma. Aliiacha hofu ile imfuate nyuma. Hakuwa na pumzi ya kubishana nayo.

Kibandani alichomeka kioo cha kompyuta kwenye seva, akaingia. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Proksi hai, ukurasa hai, mota hai. Akasoma kumbukumbu: cheti hakijaanza kutumika. Akaisoma tena. Hakijaanza? Alivitoa mwaka jana! Ndipo macho yake yakaenda kwenye kona ya kioo, kwenye saa.

Seva iliamini kwamba ni Januari, miaka mingi nyuma. Kwa hesabu zake Shamsia alikuwa bado mwanafunzi, na vyeti vyote vilivyoletwa mbele yake vilikuwa vya siku ambazo hazijafika. Ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Imekataa vyeti vya watu wasiojulikana bado.

Alicheka peke yake kwa sauti mpaka Mama Veronika akaja kumchungulia.

"Umepata?"

"Nimepata. Mashine imepoteza tarehe, mama."

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, ya kutunza saa wakati umeme haupo. Alifungua boksi, akaitoa, akaipima. Imekufa, na si jana. Kutu yake ilikuwa ya miaka. Umeme ulipokatika, saa ilirudi mwanzo. Lakini umeme ulikuwa umekatika mara nyingi kabla ya proksi kuwekwa, na saa haikuwahi kuonekana imekosea. Ilikuwaje?

Alirekebisha tarehe kwa mkono. Papo hapo simu ya Mama Veronika ikafungua ukurasa. Shamsia akaiagiza seva iwe inauliza saa mtandaoni kila inapowaka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuipangia, naye mwenyewe hakufikiria kulikagua. Kwa betri, Mama Veronika alimtuma mjukuu zahanati. Muuguzi akatoa ile ya mizani ya kupimia watoto, akasema wataning'iniza watoto kwenye mizani ya zamani mpaka nyingine ipatikane. Ikaingia sawasawa.

Mvua ikapungua. Shamsia alikaa kizingitini, koti la mzee mabegani, na swali lake. Akampigia Thobias.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Shamsi. Nimesikia mmefungiwa nje."

"Tumeshaingia. Ilikuwa saa. Betri ya ndani imekufa." Akangoja. "Wewe ulijua."

Nyuma ya Thobias zilisikika honi za magari ya Dodoma.

"Nilijua," alisema. "Kila umeme ukikatika huko, naona vipimo vinaruka. Naingia, narekebisha tarehe, natoka. Dakika mbili."

Zile nyayo. Shamsia alifumba macho.

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu? Betri ya bei ya soda."

"Ningekuambia, ungeibadilisha." Akavuta pumzi. "Na baada ya hapo mngenihitajia nini? Huku nakaa ofisini nasaini karatasi. Kitu kimoja nilichojenga kikasimama ni hicho kibanda. Nilipenda kujua kwamba bila mimi hakiendi. Ni upuuzi, najua."

Mama Veronika alikuwa akipita na kuni, akampungia Shamsia mkono. Bonde lote chini lilikuwa jeupe kwa ukungu, na Morogoro isionekane.

"Siyo upuuzi," Shamsia alisema. "Lakini leo tope lingeingia kwenye maji ya wazazi, Mwalimu, na lingeingia kwa sababu ya kitu ulichokuwa unakijua peke yako. Nimekuwa nikifikiri nikupe cheti. Cha kuona vipimo tu, bila valvu. Proksi inaweza kutenganisha."

"Usinipe."

"Kweli?"

"Nikiwa nacho nitashinda humo. Najijua." Kulikuwa na kicheko kidogo katika sauti yake, cha kwanza tangu kiangazi. "Umeifunga vizuri. Nilijaribu, unajua? Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa udadisi wa kifundi. Sikupata hata ufa."

"Nilikuona."

"Bila shaka uliniona."

Walicheka wote. Kisha Shamsia akafungua kompyuta mpakato juu ya magoti, akaifuta matone kwa kanga aliyoazimwa.

"Mwalimu, hiyo saa imekwisha. Nini kingine ulikuwa unakirekebisha kimyakimya? Niambie vyote leo. Sishuki mlima huu mpaka nivijue."

Thobias alikohoa. "Utalala huko."

"Mama Veronika ana magimbi."

"Haya. Kuna kipimo cha tangi la pili. Kikilowa kinadanganya, kinasema limejaa wakati ni nusu. Dawa yake si kwenye programu, ni kwenye waya, pale unapoingia ukutani..."

Shamsia alikuwa ameshainuka, simu imebanwa begani, akielekea ukutani kuutafuta huo waya.